Chakula cha Dirishani: Kula Vizuri Kwenye Reli ya Kati

Treni ya Kigoma inapoingia Saranda, abiria huanza kushusha vioo vya madirisha kabla magurudumu hayajatulia. Nje, akina mama na vijana wanakimbia sambamba na mabehewa, masinia wameyanyanyua begani kwa kiganja kimoja. Ndani yake kuna mapaja na vidari vya kuku vilivyokaangwa, mayai ya kuchemsha, na chapati zilizofunikwa kitambaa. Bei inatajwa kwa sauti, mkono unashuka na noti, mkono mwingine unapandisha kuku. Aliyelipia daraja la kulala na aliyebanana daraja la tatu wananunua sinia lilelile.

Kuku huyo ana sababu zake. Saranda iko wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, mahali reli inapopanda kutoka Bonde la Ufa baada ya kuiacha Dodoma. Singida inasifika nchini kwa vitu viwili vinavyokutana kwenye kikaango: kuku wa kienyeji na alizeti. Mvua za huko ni chache, mahindi hukauka shambani mara kwa mara, na kaya nyingi huweka akiba yao kwenye mifugo midogo inayojitafutia chakula uani. Ndege ni wa pale, mafuta ni ya pale, na treni huleta wateja wenye njaa mlangoni. Penye mambo hayo matatu pamoja, chakula kitakuwa kizuri, na msafiri anayeelewa hivyo anaweza kukisia stesheni ya kushuka hata kwenye njia asiyowahi kupita.

Kuchagua nako kuna ufundi wake. Paja la kuku wa kienyeji ni jembamba, mfupa wake mgumu, na nyama huvutana kidogo na meno. Paja nene, jeupe na laini sana ni la kuku wa kisasa. Wauzaji wanaowahi dirishani mara nyingi wamebeba kuku aliyekaangwa mapema, na ubaridi umeshamwingia. Anayetaka kilicho bora ateremke, atazame nyuma ya mistari ya masinia, kwenye vibanda ambako moto bado unawaka na sufuria linatoa mvuke. Hapo ataomba kipande kinachotoka jikoni wakati huohuo, pamoja na pilipili na ndimu. Atafungiwa kwenye karatasi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na karatasi humsaidia zaidi: ukoko wa kuku haulowi kwa mvuke wake mwenyewe.

Lakini kwa nini treni isimame muda wa kutosha kula? Jibu linaanzia kwenye maji. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914, umbali wa kilomita zipatazo 1,250. Injini za mvuke zilikunywa maji mengi na kulazimika kusimama kila baada ya mwendo fulani kujaza matangi. Mahali pa maji pakawa mahali pa chai, pa ndizi, pa ugali. Injini za dizeli zilipochukua nafasi, kiu ya maji iliisha, lakini njia ilibaki moja: treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupita hadi mojawapo iingie njia ya kupishana stesheni na kungoja. Kungoja huko, ambako abiria hukulalamikia, ndiko kunakompa mama lishe riziki yake.

Kwenye reli ya Kenya mambo yalianza kwa namna nyingine. Kabla ya mabehewa ya mgahawa kuenea, treni ya Mombasa ilisimama Voi ili abiria washuke kula mezani. Na Makindu, kwenye njia hiyohiyo, Makalasinga (waumini wa dini ya Sikh) waliofanya kazi reli walijenga hekalu mwaka 1926, ambalo hadi leo humpa kila mpita njia chapati, dengu, wali na chai bila malipo wala kuulizwa dini yake. Katika chakula cha reli Afrika Mashariki, ni vigumu kupata ukarimu unaozidi huo.

Turudi kwenye Reli ya Kati. Saa ya kufika ni muhimu sawa na stesheni yenyewe. Stesheni inayosifiwa kwa wali wa mchana haina kitu saa tisa usiku ila chai ya chupa na maandazi ya jana. Ratiba nayo huchelewa, kwa hiyo msafiri mjanja humuuliza gadi wa treni mambo mawili: tutafika saa ngapi kwa kweli, na tutasimama kwa muda gani? Wauzaji nao wanajua. Siku hizi simu hutangulia treni, na mafuta huwekwa motoni pale habari inapofika. Kama wanasafiri wawili, mmoja ashuke na mwingine alinde mizigo. Noti ndogo ziwe mfukoni, maana honi ikilia hakuna muda wa kusubiri chenji. Na tumbo lisilozoea lishikamane na kilicho moto au chenye ganda: yai, karanga za kuchemsha, hindi la kuchoma, chungwa linalomenywa mbele ya macho yako.

Kila stesheni nayo ina sifa yake. Morogoro hujulikana kwa matunda, kwa kuwa milima ya Uluguru iko nyuma yake. Dodoma ni ubuyu, karanga, na zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka.

Hapo Dodoma ndipo mabadiliko makubwa yanapoonekana. Treni ya umeme ya reli mpya ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai ikafika Dodoma. Treni ya haraka hutumia chini ya saa nne kwa safari ambayo treni ya zamani huimaliza kwa usiku mzima. Madirisha yake hayafunguki, stesheni zimezungushiwa uzio, na kituo cha njiani hudumu dakika chache. Ni maendeleo ambayo nchi iliyahitaji. Hata hivyo, njia hiyo inaendelea kujengwa kuelekea magharibi, na wahusika wanapaswa kuwatengea wapishi wa stesheni kama Saranda nafasi ya heshima ndani ya majengo mapya, ikiwa na maji na majiko. Vinginevyo abiria atabaki na biskuti zilezile anazozipata popote.

Tabora inataka mpango tofauti kabisa. Hapa mabehewa ya Mwanza, ya Kigoma na ya Mpanda hutenganishwa na kupangwa upya, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Kula dirishani hapa ni kujinyima. Kuna muda wa kutoka stesheni, kukaa kwenye benchi la mama lishe na kula ugali wa moto kwa maharage au samaki. Kisha yanunuliwe ya njiani: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa, ambavyo hutafunwa taratibu na havipaki mikono mafuta, na asali ya misitu ya miombo. Asali iliyoganda isimtishe mnunuzi, maana asali safi nayo huganda. Mwishoni mwa mwaka kuna embe, kutoka mji ambao miembe yake mikongwe ilipandwa enzi za misafara ya biashara.

Baada ya Kaliua na Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kutoka chemchemi kwa karne nyingi, harufu hubadilika kuwa ya mawese na samaki. Kigoma ni mji wa migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Migebuka ya kuchoma huliwa palepale, siku iliyovuliwa. Dagaa ndio wa kubeba kurudi nao Dar es Salaam, na hapo mnunuzi asione haya kukagua: achukue wachache kiganjani, awasugue, aangalie kama mchanga unabaki. Waliokaushwa juu ya vichanja ni ghali kidogo kuliko waliotandazwa ufukweni, lakini hubaki na rangi yao ya fedha na hawasagiki mchanga mdomoni.