Mbunge Wetu Alipiga Kura Gani? Namna ya Kufuata Kazi Yake Mkiwa Kijijini



Tembeeni kutoka Malaba hadi Busia mkiuliza kila kikundi, "Je, mbunge wenu anafanya kazi?" Majibu yatafanana. Mmoja atasema, "Ee, huyo ni mtu wa watu, alikuja matanga ya mzee wetu akatoa elfu kumi." Mwingine atasema, "Hakuna kitu hapo, hata basari ya mtoto wangu alininyima." Matanga, harambee, basari, mabati. Hiyo ndiyo mizani yetu, na tumeitumia miaka mingi.

Si vibaya kumshukuru mtu aliyekuja kulia pamoja nanyi. Lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 95, haitaji matanga wala mabati. Inasema Bunge la Taifa litajadili mambo yanayowahusu wananchi, litatunga sheria, litaamua fedha za serikali ziende wapi, litasimamia matumizi yake, na litachunguza mwenendo wa wakubwa wa serikali. Kazi hiyo inafanyika Nairobi, siku ambazo ninyi mko shambani au mnavuka mpaka na mzigo kichwani. Ndiyo maana ni rahisi isionekane.

Na hata hivyo inaingia mpaka jikoni. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kodi ya VAT kwenye mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Aliyelipa ni nani? Ni kijana wa boda boda (na neno lenyewe lilizaliwa hapa kwetu, kwa wale vijana wa baiskeli waliobeba watu kutoka boda ya huku hadi boda ya kule). Ni mwenye mashine ya kusaga unga. Ni mama aliyepanda matatu na kreti yake ya nyanya. Tarehe 14 Juni 2023, mswada huo uliposomwa mara ya pili, wabunge 176 waliunga mkono na 81 wakapinga. Hao wote wana majina, na majina yao yameandikwa. Mwananchi yeyote ana haki ya kuyasoma.

KWANZA, MJUE NI NANI MNAYEMFUATA

Hapa watu wengi wanachanganya, kwa hiyo twende polepole. Kaunti ya Busia ina maeneo bunge 7: Teso Kaskazini, Teso Kusini, Nambale, Matayos, Butula, Funyula na Budalangi. Mtu wa Malaba yuko Teso Kaskazini. Mji wa Busia kwa sehemu kubwa uko Matayos. Mbali na mbunge wa eneo lenu, mnaye mwakilishi wa wanawake wa kaunti, ambaye pia ni mbunge kamili mwenye kura moja kama wengine, na mnaye seneta. Kwa hiyo kila mpiga kura wa hapa ana watu watatu kule Bungeni, si mmoja.

Yule wa wadi, MCA, hayuko Nairobi. Yeye yuko katika bunge la kaunti, na mambo yake ni kama zahanati, soko, leseni za biashara ndogo na barabara za kaunti. Mpaka, forodha, uhamiaji na polisi ni mambo ya serikali ya taifa. Foleni ya malori ya Malaba, kama ile ndefu ya 2020 madereva walipongoja vipimo vya korona, si ya kumwuliza MCA. Ni ya kumwuliza mbunge, maana yeye ndiye awezaye kumtaka waziri ajibu. Kituo cha pamoja cha forodha pale Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018, nacho kiko upande huo huo wa taifa.

Seneta naye ana mipaka yake. Mswada wa fedha unapigiwa kura katika Bunge la Taifa peke yake. Kwa hiyo mtu akisema, "Seneta wetu hakupinga kodi," mwambieni kwamba hakuwa na kura ya kupiga. Na tazameni jambo hili: Okiya Omtatah, aliyechaguliwa seneta wa Busia mwaka 2022, aliipinga Sheria ya Fedha ya 2023 kwa njia ya mahakama, pamoja na wengine. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha tarehe 31 Julai 2024. Mahakama ya Juu ikaurudisha uhai wake tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo. Mwe mnakubaliana naye au hamkubaliani, kazi hiyo yote hamtaikuta katika orodha ya kura za Bunge. Rekodi ya Bunge inasema mengi, lakini haisemi yote.

KITABU KIITWACHO HANSARD

Kila neno linalosemwa katika ukumbi wa Bunge linaandikwa. Maandishi hayo yanaitwa Hansard. Mbunge akisimama, jina lake linaandikwa na chini yake maneno yake. Akisema Kiingereza yanaandikwa Kiingereza, akisema Kiswahili yanaandikwa Kiswahili, kwa kuwa lugha zote mbili ni lugha rasmi za Bunge, pamoja na Lugha ya Ishara. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ni Kiingereza, kwa hiyo kikundi kitahitaji kijana aliyemaliza kidato cha nne, au mwalimu, wa kuwasomea wengine. Hansard haiuzwi. Iko katika tovuti ya Bunge, na yeyote mwenye simu ya intaneti au aendaye saiba mjini anaweza kuitoa.

Liko pia shirika la Kenya liitwalo Mzalendo, lililoanzishwa katikati ya miaka ya 2000 na Ory Okolloh na Conrad Akunga. Wao huchukua Hansard na kuonyesha kila mbunge amezungumza mara ngapi, na kila mwaka hutoa orodha ya walioongea sana na walionyamaza. Ni msaada mkubwa. Lakini jihadharini na hesabu hiyo. Kuongea mara 80 si lazima kuwa kazi njema kuliko kuongea mara 8. Yuko asimamaye kila siku kusema "asante Mheshimiwa Spika, naunga mkono" na kuketi. Tena, kazi nyingi ngumu hufanyika katika kamati, ambako mswada unachambuliwa kifungu kwa kifungu na mawaziri wanaulizwa hesabu, na hiyo haionekani katika idadi ya hotuba za ukumbini. Jueni mbunge wenu yuko kamati gani. Akiwa katika kamati ya fedha au ya biashara, jambo la wauzaji wa mpakani linamhusu mara mbili.

KURA YENYEWE

Hapa ndipo penye mambo, na ndipo watu wanapodanganyana.

Mambo mengi Bungeni yanapita kwa sauti. Spika anauliza, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaokataa wanasema la, naye anasikiliza upande upi una nguvu. Basi, imekwisha. Hakuna jina linaloandikwa. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mheshimiwa alipiga kura ya ndiyo siku fulani, swali lenu la kwanza liwe: ilikuwa kura ya sauti au ya kuhesabiwa? Kama ilikuwa ya sauti, hakuna ajuaye ila yeye mwenyewe na jirani yake.

Kura ya kuhesabiwa hupigwa pale ambapo sheria inataka idadi maalum, au pale ambapo wabunge wa kutosha wanasimama kuidai. Hapo kila mmoja anatoa kura yake kwa jina, na orodha inachapishwa katika Hansard. Kura za namna hii si nyingi kwa mwaka. Ndiyo sababu zile zilizopo ni za thamani, msiache hata moja ipite.

Tuchukue mfano ambao kila mtu anaukumbuka, Mswada wa Fedha wa 2024. Ulikuja na kodi ya mkate, kodi ya magari ya asilimia 2.5 kila mwaka, na ushuru wa mafuta ya kupikia. Tarehe 18 Juni 2024, baada ya kelele za wananchi, ikatangazwa kwamba hizo zimeondolewa, lakini mengine yakabaki. Tarehe 20 Juni mswada uliposomwa mara ya pili, waliosema ndiyo walikuwa 204, waliosema la 115. Tarehe 25 Juni, uliposomwa mara ya mwisho, ndiyo zilikuwa 195 na la 106. Siku hiyo vijana waliingia Bungeni, na damu ikamwagika. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Tarehe 20 Juni, 204 na 115 ni 319. Tarehe 25, 195 na 106 ni 301. Katika siku tano, kura zinazohesabika zilipungua kwa 18! Kwa hiyo si majina mawili tu ya kutafuta, ndiyo na la. Kuna safu ya tatu, ya wale ambao hawamo upande wowote. Wengine walikuwa na sababu za haki, ugonjwa au safari ya kazi. Wengine waliona moto wakakaa mbali. Mbunge anaweza kuja hapa sokoni akasema, "Mimi sikuunga mkono ile kodi," na akawa anasema kweli tupu, kwa kuwa hakuwapo. Kwa maoni yetu safu hiyo ya tatu ndiyo isomwe kwa makini zaidi, maana mjanja hujificha huko.

Wakati ule orodha za majina zilitembea katika simu kama moto wa nyasi. Msiamini orodha ya simu. Itafuteni Hansard ya siku hiyo, mlinganishe jina kwa jina, kabla hamjamtukana mtu au kumsifu.

DAFTARI LA KIKUNDI

Ninyi mnaojua kuweka hesabu za akiba na mikopo mmekwisha kujua kazi hii. Nunueni kauntabuku moja. Msijaribu kufuata kila kitu, mtachoka mwezi wa pili. Chagueni mambo matatu yanayowagusa kweli: pengine kodi ya mafuta, ada na usumbufu wa mpakani, na kwa ndugu zetu wa Budalangi, kingo za mto Nzoia. Katika kila jambo andikeni tarehe, lilivyosemwa, kama mbunge alizungumza na alisema nini, kura yake kama ilihesabiwa, na mwisho acheni nafasi pana ya jibu lake mwenyewe. Mtu mmoja akienda saiba mara moja kwa mwezi inatosha, nauli itoke katika mfuko wa kikundi.

Jueni pia siku za Bunge. Kwa kawaida Bunge la Taifa hukutana Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Mkimwona mheshimiwa anakata utepe kijijini Jumatano, angalieni kwanza kama Bunge liko likizoni. Kama liko likizoni, mwacheni akate utepe wake kwa amani. Kama haliko, andikeni tarehe. Katiba, kifungu cha 103, inasema mbunge anayekosa vikao 8 katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na asiweze kujieleza mbele ya kamati, anapoteza kiti. Kwa vikao vinne vya wiki, hizo ni wiki mbili tu.

Siku akija kwenye baraza, msipige kelele. Mwenyekiti wenu asimame na daftari mkononi aseme: "Mheshimiwa, karibu nyumbani. Tarehe 20 Juni 2024 tumeona kura yako hivi, na tarehe 25 tumeona hivi. Tunaomba utueleze." Kisha aketi. Swali la namna hiyo halina matusi, na halijibiwi kwa kutoa noti mfukoni. Lijalo jibu lolote, katibu aliandike papo hapo na kulisoma kwa sauti ili mheshimiwa alisikie. Mpeni nafasi ya kujieleza kweli. Huenda ana sababu msiyoijua, na huenda katika jambo lingine alisimama imara na hakuna aliyemshukuru.

Watu hutuuliza, "Je, tunaweza kumwita arudi nyumbani kabla ya uchaguzi?" Katiba inataja haki hiyo katika kifungu cha 104, lakini sehemu za sheria ya kuitekeleza zilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017. Msitie nguvu zenu huko. Njia iliyo wazi ni ombi la wananchi kwa Bunge, kifungu cha 119. Mtu yeyote anaweza kulipeleka, kwa utaratibu wa sheria ya mwaka 2012. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, hata kwa mkono, kwa maneno ya heshima. Elezeni shida, mlivyojaribu kuitatua na mlijibiwa nini, kama jambo hilo liko mahakamani au la, na mnataka Bunge lifanye nini. Kisha mweke majina na sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba. Ombi linakubaliwa vilevile.