Ziwa, vilima na kiangazi vinavyoamua hewa ya Mwanza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WAKAZI wa mabonde ya Jiji la Mwanza wanaoamka alfajiri kati ya Juni na Septemba huuona mara kwa mara utando wa moshi uliolala juu ya mapaa, wakati vilele vya vilima vinavyowazunguka viko wazi. Ifikapo saa nne asubuhi, utando huo huwa umetoweka. Wingi wa moshi pekee hauelezi hali hiyo. Umbo la nchi na majira ya mwaka vina sehemu kubwa.

Jiji hilo lipo mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria, takribani meta 1,140 kutoka usawa wa bahari, katikati ya vilima vya miamba ya granaiti. Nyumba nyingi zimepanda vilimani, na nyingine zimebanana mabondeni, likiwamo bonde la Mto Mirongo unaopita Mabatini hadi ziwani.

Usiku usio na mawingu, ardhi na miamba hupoteza joto haraka. Hewa inayoigusa hupoa, huwa nzito na kuteremkia mabondeni, huku hewa yenye joto zaidi ikibaki juu yake mithili ya mfuniko wa sufuria. Moshi wa majiko ya mkaa ya wauza chai na maandazi, yanayowashwa tangu saa kumi na moja alfajiri, pamoja na ule wa takataka zinazochomwa, hukosa pa kutokea. Jua likiipasha ardhi moto, mfuniko huvunjika.

Kisha huja zamu ya ziwa. Maji hupata joto polepole kuliko nchi kavu, hivyo mchana hewa huvuma kutoka ziwani, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, kuelekea mjini. Usiku mwelekeo hugeuka. Wavuvi wa matanga hawahitaji kufundishwa hilo: huondoka na upepo wa nchi kavu, hurejea na wa ziwani. (Nguzo zinazofanana na moshi zinazoonekana siku nyingine juu ya maji si moshi, bali makundi ya wadudu wadogo wanaototolewa ziwani.)

Hata hivyo, si sahihi kusema kuwa ziwa husafisha hewa. Upepo wake huuhamisha uchafu tu, kutoka mitaa ya ufukweni hadi ile ya ndani. Katikati ya mwaka upepo huo hukutana pia na pepo za kusini-mashariki, zinazovuma kutoka bara na kubeba vumbi la barabara zisizo na lami na moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa.

Kinachosafisha hasa ni mvua. Vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei huteremsha chembechembe zilizoelea angani na kulaza vumbi. Lakini hapo ndipo hatari huingia ndani: jiko lililokuwa uani huhamishiwa chumbani kukwepa mvua, na madirisha hufungwa. Nje kunakuwa safi, mama na watoto wakivuta moshi pamoja na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachoshauri cha chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikroni 2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa meta moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka.

Serikali, katika mkakati uliozinduliwa Mei 2024, inalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Katika vilima vya Mwanza kusikofika gari, mtungi wa gesi hubebwa begani kupita juu ya mawe, ilhali mkaa hupimwa kwa kopo, kwa kadiri ya fedha iliyopo siku hiyo.