Kutoka Kiinitete hadi Mche: Kikwazo Kilichosahauliwa katika Uhawilishaji wa Jeni za Mahindi ya Kitropiki

Mijadala ya sera kuhusu uhandisi jeni katika kanda yetu hujikita katika jeni yenyewe: imetoka wapi, ina madhara gani, nani anaimiliki. Makala hii inadai kuwa swali linalotangulia hayo hupuuzwa, nalo ni iwapo seli iliyopokea jeni itaweza kukua na kuwa mmea kamili.

Kipande cha jani la tumbaku kikiwekwa katika chombo chenye virutubisho huchipua. Jani la mahindi lililokomaa halifanyi hivyo. Mwaka 1975, Green na Phillips walionyesha nchini Marekani kwamba kiinitete kichanga cha mahindi huweza kuzaa kalasi, yaani fungu la seli zisizo na umbo maalumu, na kalasi hiyo ikazaa mimea. Kichocheo kinachotumika mara nyingi ni 2,4-D, ileile ambayo mkulima huinyunyiza kuua magugu ya majani mapana. Kwa kiasi kidogo mno, huzifanya seli za kiinitete ziendelee kugawanyika. Kikiondolewa, machipukizi huanza kujitokeza.

Mwaka 1996, Ishida na wenzake nchini Japani walifaulu kuhawilisha jeni katika mahindi kwa kutumia Agrobacterium, bakteria wa udongo ambaye kwa kawaida hashambulii nafaka. Walitumia mbegu iitwayo A188, inayositawi vizuri maabarani lakini isiyo na thamani kubwa shambani. Hapo ndipo penye tatizo. Mbegu nyingi za kitropiki huzaa kalasi hafifu, au kalasi isiyochipua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, wamezijaribu moja kwa moja, na mwitikio hutofautiana sana baina ya mbegu na mbegu.

Njia ya kuzunguka ni kuingiza jeni katika mbegu tiifu, kisha kuichavusha tena na tena kwa mbegu ya kienyeji. Baada ya chavusho sita za kurudia, takriban asilimia 99 ya urithi wa mbegu ya kienyeji huwa imerejea. Hiyo ni misimu sita, yote chini ya masharti ya usalama wa kibayolojia.

Mwaka 2016, Lowe na wenzake walionyesha kuwa jeni mbili za mahindi, Baby boom na Wuschel2, huamsha hata mbegu zilizokuwa sugu, ingawa baadaye sharti ziondolewe ili mmea ukue ipasavyo. Uhariri wa jenomu, ambao Kenya iliutolea mwongozo mwaka 2022, kwa kawaida hupitia mlango huohuo wa kalasi. Sheria hutofautisha mbinu hizi mbili, kiinitete hakizitofautishi.

Kwa mshauri wa sera, gharama isiyoonekana haraka ni banda la kuoteshea. Kiinitete hufaa kwa siku chache tu, yapata siku ya kumi hadi ya kumi na mbili baada ya uchavushaji. Maabara isiyo na mahindi yanayochanua kila wiki, na umeme usiokatika katika chumba cha kalasi, itakuwa na vifaa bila kuwa na cha kuvifanyia kazi.