Kiatu ni Sehemu ya Nauli

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli. Leo ni jiji kubwa, na watu wengi sana humo huenda kazini kwa miguu. Alfajiri huonekana wakitoka Kibera, Kawangware na Mathare, wakishika njia za katikati ya mji na za viwandani. Wengi wao hawatembei kwa kupenda, bali kwa kuhifadhi nauli.

Jambo hilo lina hesabu yake. Mtu akaaye kilomita 5 mbali na kazi yake, akienda na kurudi siku 6, hutembea kilomita 60 kwa juma. Kwa majuma 4 hutimiza kilomita 240, yaani karibu nusu ya njia ya kwenda Mombasa. Kiatu hafifu hakistahimili mwendo huo. Tena mwenye malengelenge hulazimika kupanda gari, na zile senti alizoweka zikamtoka. Kwa hiyo mwenye busara hukihesabu kiatu kuwa ni sehemu ya nauli.

Kiatu chema si lazima kiwe cha bei kubwa. Yafaa kukinunua jioni, maana mguu hufura kidogo baada ya kazi ya kutwa. Mnunuzi avijaribu vyote viwili akiwa amesimama, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisigino kisicheze, wala soli isiwe nyembamba hata mawe yakasikika. Katika mitumba ya Gikomba hupatikana viatu imara, lakini ni lazima kutazama soli. Iliyolika upande mmoja itaupotosha mguu. Akala, zikatwazo katika mipira ya magari, hudumu sana wala haziogopi matope, ila kamba zake huchubua ngozi mpaka zizoeleke. Kiatu kipya kivaliwe kwanza nyumbani. Kikilowa mvua, kijazwe magazeti makavu, wala kisiwekwe karibu na moto, kwa sababu ngozi yake itapasuka.

Hata hivyo, si kila safari ni ya miguu. Mabasi yalianza kuchukua abiria mjini Nairobi mwaka wa 1934. Baadaye zikaja matatu, zilizopata jina lao kwa nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alizipa ruhusa ya kuchukua abiria. Nauli ya matatu hupanda asubuhi, jioni na wakati wa mvua, kisha hushuka mchana. Basi mkulima ajaye mjini kwa shughuli ya ofisi hupata nafuu akiingia baada ya msongamano wa asubuhi. Aulize nauli kabla ya kupanda, tena awe na fedha ndogo ndogo mkononi.

Mara nyingi njia bora ni kuchanganya: kupanda gari kwa sehemu ya mbali, na kumaliza iliyobaki kwa miguu. Akiba ya kweli ni ile imfikishayo mtu kazini na miguu mizima, kisha jioni ikamrudisha kwake akiwa na kitu mfukoni.