Vijana Wenye VVU Kipushi: Nani Afundishwe, na Afundishwe Nini? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifuata njia ya virusi vyenyewe: namna vilivyosambaa kutoka Kinshasa pamoja na wasafiri wa reli hadi kufika Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1930, kama wanasayansi walivyobaini mwaka 2014 kwa kuchunguza vinasaba vyake. Leo tunakuja Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia. Tutazungumzia watoto waliozaliwa na virusi hivyo na sasa wamebalehe, pamoja na watu tuliowakabidhi kazi ya kuwatunza.

Mtoto aliyezaliwa na VVU mwaka 2010, akabahatika kuanzishiwa dawa mapema, leo ni kijana anayeota ndevu. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa ya dolutegravir iwe chaguo la kwanza mwaka 2018, matibabu yamekuwa mepesi: kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Akikimeza bila kukosa, virusi hupungua damuni hata kipimo kisivione, na mtu aliyefikia hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hata hivyo, vijana ndio wanaoongoza kwa kuacha dawa. Ukiwasikiliza kwa utulivu, utasikia mambo mawili yakirudiwa: siri ya nyumbani na maneno ya kituoni.

Siri huanza kwa huruma. Mama humwambia mtoto kwamba hizi ni dawa za kifua, au za kuongeza damu. Kumweleza ukweli ni kumfungulia pia historia ya mama mwenyewe, na ya baba, ambaye pengine hayupo tena. Wengine wanalelewa na nkambo ambaye naye aliambiwa nusu tu ya habari. Kipushi ni mji wa watu wanaohamahama: mgodi wake ulioanza miaka ya 1920 ulisimama mwaka 1993, na zinki haikuanza kuzalishwa tena hadi 2024. Katika miaka yote hiyo familia zilitawanyika kutafuta riziki, na kila mtoto anapohamishiwa kwa mlezi mwingine, maelezo ya dawa zake hupungua. Kisha siku moja, akiwa na miaka 14, anasoma jina lililoandikwa kwenye kopo, anaulizia shuleni, na anajua. Kinachovunjika siku hiyo ni imani yake kwa wote waliompa kidonge kile kila jioni. Hapo ndipo vidonge huanza kutupwa chooni.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 uko wazi: mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake, na aliye mdogo zaidi aelezwe kidogo kidogo kadiri ya akili yake. Kazi hiyo ni ya mlezi, lakini mlezi hawezi kuifanya peke yake. Muuguzi ndiye anayepaswa kuketi naye kwanza, asikilize hofu yake, wapange pamoja maneno ya kuanzia, kisha awepo siku yatakaposemwa. Ni ufundi wa kujifunza, na shule zetu nyingi za uuguzi huugusia juu juu tu.

Jambo la pili ni maneno ya kituoni. Kijana aliyekosa dawa wiki nzima anapoulizwa, "Mbona hunywi dawa, unataka kufa?", atajibu kwamba anakunywa. Aulizwe, "Mwanangu, wengi huwa zinawashinda siku nyingine, wewe zilikushinda siku ngapi?", naye atasema tatu, na atasema kwa nini: analala bweni moja na wenzake, au ana mchumba asiyejua. Muuguzi wa kwanza amepata uongo wa kuandika kwenye fishi. Wa pili amepata mahali pa kuanzia.

Mazungumzo ya namna hii hayafundishwi kwa hotuba. Nchini Kenya, watafiti walijaribu njia nyingine katika vituo 24: wahudumu walikutanishwa na waigizaji waliofundishwa kujifanya vijana wenye VVU, mmoja mkaidi, mwingine mwenye mimba, mwingine hasemi neno. Mazungumzo yalirekodiwa kwa video, kisha mhudumu akaketi kujitazama na kusikia mwigizaji alivyojisikia. Nadhani hapo pana somo kubwa kuliko vitabu vyote vya semina, maana daktari hupata nadra sana nafasi ya kuona uso wake anapokemea.

Zimbabwe wamekwenda mbali zaidi. Mpango wa Zvandiri, ulioanza mwaka 2004, huwafundisha vijana wenye VVU kuwatembelea na kuwashauri wenzao wakishirikiana na kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet HIV ulionyesha kwamba, baada ya wiki 96, vijana waliofariki au ambao dawa zilishindwa kuzuia virusi vyao walikuwa asilimia 25 kwa waliopata msaada huo, na asilimia 36 kwa waliopata huduma ya kawaida peke yake. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya.

Kwetu mafunzo mengi hufanyika Lubumbashi, katika ukumbi, kwa mtu mmoja kutoka kila kituo. Mtu huyo akihamishwa, elimu inaondoka naye. Na anayempokea kijana wa kwanza kabisa si yeye: ni mlinzi wa lango na karani wa mapokezi anayeita majina kwa sauti mbele ya majirani. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na VVU nchini mwetu, lakini karani ambaye hajawahi kuelezwa sheria hiyo hawezi kuishika. Mimi ningependa mkufunzi ndiye apande gari aje Kipushi, awafundishe wote waliomo kituoni, mfagiaji akiwa miongoni mwao, na arudi baada ya miezi michache kuangalia.

Fedha zimekuwa ngumu tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025. Lakini mwaka huohuo Rais Tshisekedi alizindua mpango wa dola milioni 18 wa kutokomeza Ukimwi kwa watoto. Wanaousimamia tunawaomba wasizimalize zote kwenye vipimo na vidonge. Watenge fungu la kuwafundisha wahudumu mahali pao pa kazi, na posho ya kudumu kwa vijana washauri.

Nanyi wazazi na nkambo mnaolea: kama mtoto ameanza shule na bado anaamini anakunywa dawa ya kifua, mwende kwa muuguzi mwezi huu, kabla hajajua kutoka kwa mtu mwingine.