Bibi wa Hamtramck na Sauti ya Mwadhini

Kwetu pwani hakuna aulizaye kama adhana ina ruhusa. Alfajiri mwadhini hunadi, jirani asiye wa dini hiyo hugeukia ubavu wa pili akaendelea na usingizi wake, na siku ikaanza. Lakini uko mji mdogo huko Marekani ambako sauti hiyo ilijadiliwa barazani, ikapigiwa kura na madiwani, kisha wananchi wakaitwa nao waipigie kura. Aliyekuwa mwenyekiti wa madiwani siku hizo hakuwa Mwislamu. Alikuwa ni Bi. Karen Majewski, mwanamke mwenye asili ya Poland, na safari yake katika siasa ina mengi ya kutufunza.

Mji wenyewe waitwa Hamtramck, katika jimbo la Michigan. Hata maili tatu za mraba haufiki, nao umezungukwa karibu pande zote na jiji la Detroit. Mwaka 1910 kilifunguliwa hapo kiwanda cha magari cha Dodge, na Wapolandi wakamiminika kutafuta kazi. Wakajenga makanisa na shule zao, na tangu Hamtramck ipewe hadhi ya mji mwaka 1922, kila meya alikuwa ni wa asili hiyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Wengi wa wenyeji wakahama, na nyumba walizoziacha zikaingia watu wa Yemeni na Bangladesh.

Si wote waliowapokea wageni hao kwa mikono miwili. Katika uchaguzi wa Novemba 1999, kikundi cha watu kilisimama vituoni kikiwapinga wapiga kura waliokuwa na sura au majina ya Kiarabu. Zaidi ya 40 walilazimishwa kula kiapo kwamba ni raia kabla ya kupewa karatasi ya kura. Jambo hilo likafika kwa serikali kuu, na mji ukatakiwa kujirekebisha.

Katika hali hiyo ndimo alimoingia Bi. Majewski. Yeye ni msomi wa historia, aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan, na kitabu chake juu ya Wapolandi waliohamia Marekani kilitoka mwaka 2003. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa diwani. Aliyekuwa akisoma habari za wahamiaji wa jana sasa akakaa meza moja na wahamiaji wa leo.

Haukupita muda, msikiti wa al-Islah ukaomba kutoa adhana kwa kipaza sauti. Mji mzima ukachemka. Wako waliosema ni kelele. Wengine wakauliza, je, kengele za kanisa nazo si kelele? Mwezi wa Aprili 2004 madiwani wote walikubaliana kuirekebisha sheria ya makelele: adhana iruhusiwe baina ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku, na baraza liwe na uwezo wa kupima ukubwa wa sauti. Wapinzani hawakuridhika, wakadai kura ya wananchi. Ilipopigwa Julai mwaka huo, sheria ile ilisimama.

Mwaka 2005 Bi. Majewski aligombea umeya akashinda, akawa mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Hamtramck. Alikikalia miaka 16. Haikuwa raha tupu. Mji ulikuwa maskini, na mara mbili, mwaka 2000 na tena mwaka 2013, jimbo lilileta msimamizi wake wa fedha, hata meya na madiwani wakawa kama wenye nyumba wasio na funguo za stoo. Huku nyuma uso wa baraza ukabadilika. Mwaka 2015 Waislamu walipata viti vinne kati ya sita, jambo lililotangazwa Marekani nzima.

Yaliyofuata ni mazito. Juni 2021 madiwani waligawanyika sawasawa juu ya kupandisha bendera ya watetezi wa mapenzi ya jinsia moja. Kura ya kukata shauri ikawa ya meya, naye akairuhusu. Kwa Waislamu wengi wa mji hilo halikumezeka. Novemba mwaka huo alishindwa vibaya na Bw. Amer Ghalib, mzaliwa wa Yemeni, aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Januari 2022 Bw. Ghalib alishika umeya, na madiwani wote sita wakawa Waislamu, mmojawapo mwanamke wa Kipolandi aliyesilimu. Juni 2023 baraza hilo lilipiga marufuku bendera hiyo na nyingine kadhaa katika milingoti ya mji. Bi. Majewski akanena hadharani kwamba ipo hisia ya kusalitiwa.

Je, ni kweli? Hukumu ya dini yetu katika jambo lile msomaji anaijua, na kura si deni la kulipwa kila uchaguzi. Waislamu wa Hamtramck walitumia haki yao, haki ileile waliyotaka kunyimwa mwaka 1999. Hata hivyo mwaka 2004 bibi yule hakuuliza kwanza kama anaiamini adhana. Aliuliza kama jirani yake ana haki. Swali hilo halikuondoka naye alipotoka ofisini. Limebaki juu ya meza, na sasa sisi, wenye dini ile iliyoombewa ruhusa, ndio tunaopaswa kulijibu.

Cheo ni dhamana. Wapolandi walikishika karibu miaka mia, kikawatoka mkononi siku moja. Ikiwa adhana yasikika Hamtramck, ni kwa sababu ililindwa na sheria wakati wenyewe walikuwa wachache. Aliye mwingi leo na akumbuke.