Halingi: mchezo uliovuka bahari na wageni

Ndugu zetu mliofika karibuni, mkiona watu wenye helmeti wakipiga mpira mdogo kwa fimbo bapa za mbao, hiyo ni halingi, mchezo wa Waayalandi. Wengi wao walikimbilia Marekani wakati wa njaa kubwa ya 1845–1852. Zaidi ya miaka 150 baadaye, hapa Minneapolis na Saint Paul ilianzishwa klabu ya Robert Emmets, kwa jina la mpigania uhuru aliyenyongwa Dublin mwaka 1803. Wachezaji hawalipwi, na wengi walijifunzia mchezo huku huku.

Mimi nilipotoka kambini nilidhani kabumbu nimeiacha huko. Sivyo. Mkipatikana watu kumi, njooni ofisini tuwasaidie kuomba uwanja wa jiji hapa Plymouth.